Bunduki ya Easofti Inapogoma: Umeme Unafanya Nini na Haufanyi Nini

Miongoni mwa wachezaji wa easofti, ushauri huwa mwingi kuliko vipimo. Bunduki ya umeme ikigoma katikati ya mchezo, wa kwanza atasema mota imeungua, wa pili atataka iwekwe betri yenye volti nyingi zaidi, na wa tatu ataapa kwamba dawa ni kung'oa waya zote za kiwandani na kuweka nene, kwa sababu eti waya nene huifanya bunduki ipige kwa nguvu. Wote watatu wanasema kwa uhakika mkubwa, na hakuna hata mmoja aliyepima chochote. Makala haya yanaeleza jinsi umeme unavyozunguka ndani ya bunduki hiyo, unapopotelea, namna ya kutambua ulipopotelea kabla ya kufungua giaboksi, na kazi ya kubadilisha waya inavyofanywa pale inapolazimu.

Easofti ni mchezo wa kushambuliana kwa bunduki za kuigiza. Ulianzia Japani katika miaka ya 1970, nchi ambayo raia wa kawaida haruhusiwi kumiliki bastola. Bunduki zake hurusha gololi za plastiki zenye kipenyo cha milimita 6, nyingi zikiwa na uzito wa kati ya gramu 0.20 na 0.30. Ziko zinazotumia gesi, ziko za kukokiwa kwa mkono kila pigo, na ziko za umeme. Hizi za mwisho ndizo mada yetu. Bunduki ya umeme iliyoweka msingi wa hizi za leo ilitolewa na kampuni ya Tokyo Marui mwaka 1991, ikiwa na umbo la bunduki ya Kifaransa ya FA-MAS, na watengenezaji waliofuata wamefuata kwa kiasi kikubwa mpangilio wake wa ndani. Ndiyo maana maelezo yaliyo hapa chini yanafaa kwa bunduki nyingi, iwe yenye umbo la M4 au la AK.

Mpangilio wenyewe si mgumu. Betri inazungusha mota iliyo ndani ya mpini, mota inazungusha gia tatu zilizo ndani ya giaboksi, na gia ya mwisho ina meno upande mmoja tu. Meno hayo hushika pistoni na kuivuta nyuma, huku springi iliyo nyuma ya pistoni ikijikunja na kukaza. Meno yanapoisha, pistoni inaachiwa, springi inaitupa mbele, hewa ndani ya silinda inabanwa ghafla na kuisukuma gololi nje ya mtutu.

Kwa hiyo umeme hausukumi gololi hata kidogo. Kazi yake ni kukaza springi, na springi ndiyo inayopiga. Ukiweka betri yenye volti nyingi zaidi, mota itazunguka haraka zaidi, springi itakazwa mara nyingi zaidi kwa sekunde moja, lakini kila pigo litakuwa na nguvu ileile, kwa kuwa springi ni ileile na inakunjwa kwa urefu uleule. Gololi ya gramu 0.20 inayotoka kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde hubeba nishati ya jouli 1, na idadi hiyo haibadiliki kwa kubadilisha waya, plagi wala betri. Anayetaka kuibadilisha atabadilisha springi, na hapo ataingia katika eneo la sheria: Japani iliweka kikomo cha takribani jouli 0.98 kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2006, na Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2017, ilikubali jouli 1.3 kwa bunduki za mfululizo na 2.5 kwa zile za pigo mojamoja. Kwa msomaji anayeishi Ulaya au Marekani na anayefikiria kuifungasha bunduki yake akija likizo nyumbani, aulize kwanza polisi wa nchi anakokwenda. Sheria ya silaha ya Kenya, kwa mfano, inataja pia bunduki za bandia, na askari aliye kwenye kizuizi cha barabarani hawezi kutofautisha plastiki na chuma akiwa hatua 20 kutoka dirisha la gari.

Turudi kwenye umeme. Istilahi tatu zinatosha. Volti hupima msukumo ambao betri inautoa. Ampea hupima wingi wa mkondo unaopita kwenye waya kwa wakati mmoja. Ukinzani, unaopimwa kwa omu, ni ugumu ambao waya, plagi na viungo vinauwekea mkondo huo. Kila mkondo unapopita penye ukinzani, sehemu ya volti hupotea hapo na kugeuka joto, na volti zilizopotea njiani haziifikii mota.

Bunduki ya easofti ni mashine ndogo yenye mkondo mkubwa, na hapa mfano wa stata ya gari unasaidia sana. Gari linapogoma kuwaka na stata ikagonga mara moja bila kuzungusha injini, fundi mzoefu hakimbilii kushusha stata. Hutazama kwanza teminali za betri, kwa sababu anajua kwamba taa na redio zinaweza kuwaka vizuri kupitia teminali iliyolegea, ilhali stata, inayohitaji mkondo mkubwa mara nyingi zaidi, itakufa pale pale. Mota ya bunduki ni ndugu wa stata hiyo. Inapokuwa kazini huvuta ampea 15 hadi 25 hivi, na kwa sekunde ile ndogo inapoanza kuzunguka kutoka kusimama huvuta zaidi ya hapo. Betri inaweza kuonyesha volti zake zote ikipimwa ikiwa imetulia, kisha ikazama mara tu kifyatulio kinapobonyezwa.

Sasa tufanye hesabu ambayo wapenzi wa waya nene huwa hawaifanyi. Waya za kiwandani kwa kawaida huwa na unene wa karibu milimita 0.8 za mraba. Waya ambazo watu hununua kuzibadilishia huwa karibu milimita 1.3 za mraba. Tuchukulie kwamba njia nzima, kwenda na kurudi, ni mita moja, ambayo ni kwa ukarimu. Kwa mkondo wa ampea 20, waya ya kwanza itapoteza volti 0.43 na ya pili volti 0.26. Tofauti ni volti 0.17, yaani kama asilimia mbili ya betri ya volti 7.4. Masikio ya mchezaji hayawezi kuitambua.

Linganisha na plagi iliyochoka. Bunduki nyingi hutoka kiwandani na plagi nyeupe ndogo ya aina ya Tamiya, ambayo ndani yake pini moja nyembamba huingia ndani ya kijibomba cha bati. Baada ya kuchomekwa na kuchomolewa miezi kadhaa, kijibomba hulegea na kuanza kushika kwa ncha tu. Ukinzani wa kiungo hicho ukifika omu 0.1, kiasi ambacho multimita (kipima umeme cha mkononi) ya bei nafuu haiwezi hata kukipima sawasawa, ampea 20 zinapopita hapo zitapoteza volti 2 nzima, na joto litakalozaliwa ni wati 40. Wati 40 ndizo zinazoandikwa kwenye vifaa vingi vya mkononi vya kulehemu. Ukiona plagi ya plastiki imepinda na kuwa ya rangi ya kahawia, sababu ni hiyo: mwenye bunduki alikuwa akitembea na kifaa cha kulehemu kilichowashwa ndani ya kitako.

Kwa maoni yangu, hesabu hizo mbili ndizo zinazomaliza mjadala. Mtu akibadilisha waya zote na plagi kwa pamoja, kisha bunduki ikaamka, atausifu unene wa waya, ilhali kilichomponya ni plagi mpya na malehemu mapya. Angebadilisha plagi peke yake, gharama ingekuwa ndogo na giaboksi isingefunguliwa.

Namna ya kujua ulipo ugonjwa ni kupima volti zinazopotea wakati mota inafanya kazi, si wakati imelala. Ondoa magazini, hakikisha hakuna gololi iliyobaki kwenye mtutu kwa kupiga mara moja au mbili kuelekea mahali salama, vaa miwani ya kinga, kisha weka multimita kwenye volti za mkondo wa moja kwa moja, kipimo cha 20. Gusisha ncha moja nyuma ya plagi upande wa chanya wa betri, na nyingine kwenye teminali ya chanya ya mota, ambayo hupatikana kwa kufungua kifuniko cha chini ya mpini na mara nyingi huwa na nukta nyekundu. Kabla ya kubonyeza, katika bunduki nyingi multimita itaonyesha volti zote za betri, nawe usishtuke, kwani swichi iko wazi, yaani haijaunganisha umeme, na ndiyo inayozibeba. Bonyeza kwa sekunde mbili au tatu na usome mota ikiwa inazunguka. Ukiona sehemu chache za kumi za volti, upande huo ni mzima. Ukiona volti moja au mbili, sogeza ncha hatua kwa hatua, ukivuka plagi, kisha fyuzi, kisha swichi, hadi uone ni kipande gani kimekula volti hizo. Rudia upande wa hasi. Kazi yote haizidi dakika kumi, na haihitaji kuamini maneno ya mtu.

Majibu ya kipimo hicho yanasomeka vizuri. Ikiwa kifyatulio kimebonyezwa, mota haizunguki, na volti zote bado zinaonekana kati ya pande mbili za swichi, basi swichi haifungi. Ikiwa volti za betri zenyewe zinazama kutoka 8 hadi 4, betri imechoka au mota imekwama na inavuta mkondo wa kupita kiasi. Ili kutofautisha, toa mota kwenye mpini, ishike kwa nguvu mkononi kwa kuwa itaruka, iunganishe kwa waya zake, na bonyeza. Ikizunguka vizuri ikiwa peke yake, na betri ni nzima, tatizo ni la giaboksi: jino la pistoni limevunjika, au skrubu ya chini ya mpini imesukuma mota juu mno na gia zake zimebanana. Ikiwa volti zinafika kwenye teminali za mota na bado imelala hata ikiwa nje, ndipo mtu anapokuwa na haki ya kusema mota imekufa, na hata hapo huwa ni makaa yake, yaani vipande vinavyopitisha umeme hadi sehemu inayozunguka, yamekwisha, kitu ambacho katika mota nyingi hubadilishwa.

Yapo matatizo ya gia yanayojifanya ya umeme. Bunduki inayopiga mfululizo ilhali imewekwa kwenye pigo mojamoja mara nyingi ina kijiwenzo kidogo kilicholika, kile kinachosukumwa na gia ya mwisho ili kikate swichi kila mzunguko, waya hazihusiki. Na lipo tatizo moja la umeme linalojifanya la gia. Ukiunganisha chanya na hasi kinyume, mota itajaribu kurudi nyuma, na ndani ya giaboksi kuna kikamatio kinachozuia gia zisirudi nyuma. Mota itakwama, haitatoa hata mlio, na nishati yote itageuka joto ndani ya mota na waya. Anayetoka kubadilisha plagi kisha akakuta bunduki imekufa kabisa, aachie kifyatulio mara moja na akague rangi za waya kabla ya kufikiri lingine.

Swichi yenyewe inastahili maelezo kidogo. Katika bunduki za kawaida, kifyatulio husukuma kipande cha shaba hadi kiguse vipande vingine viwili, na mkondo wote wa mota hupita hapo. Kila kinapoachia, mota inakataa kukatiwa umeme ghafla na kurusha cheche, na cheche hizo huacha masizi meusi juu ya shaba. Masizi ni ukinzani. Kuyasugua kwa msasa laini huifufua bunduki kwa muda, lakini kila msasa unapunguza shaba, na betri zenye volti nyingi hurudisha weusi huo haraka zaidi.

Ndipo inapoingia mosfeti, kifaa ambacho kimezungukwa na hadithi nyingi. Mosfeti ni swichi ya kielektroniki isiyo na kitu kinachosogea. Ikiwekwa, mkondo mkubwa hutoka kwenye betri na kufika kwenye mota kupitia kwenye mosfeti moja kwa moja, na kifyatulio kinabaki kutuma ishara ndogo tu kupitia waya nyembamba. Ni jambo lilelile linalofanyika katika gari, ambamo ufunguo haubebi mkondo wa stata. Ishara hiyo ndogo haichomi shaba. Faida yake kuu ni hiyo, pamoja na kwamba ukinzani wa mosfeti nzuri ni mdogo sana kuliko wa shaba yenye masizi. Haiongezi volti, haiongezi kasi ya gololi, na haiponyi plagi mbovu. Wengi huiweka kwenye bunduki mpya yenye betri ya volti 7.4 na springi ya kawaida, wakashangaa kuona mabadiliko madogo. Walichonunua ni maisha marefu ya swichi, si nguvu.

Mosfeti ina tabia moja ambayo wauzaji huipita haraka. Ikiungua, mara nyingi huungua ikiwa imejifunga, yaani mkondo unapita bila kizuizi. Bunduki itaanza kupiga mfululizo mara tu betri inapochomekwa, kifyatulio kikiwa hakijaguswa. Kwa sababu hiyo betri huchomekwa magazini ikiwa nje na mtutu ukielekea chini, na huchomolewa kila mchezo unapokwisha.

Tuseme sasa vipimo vimeonyesha kwamba waya zenyewe ni mbovu, zimebanwa na kukatika nusu, au unaweka mosfeti na hakuna njia nyingine. Chagua waya yenye nyuzi nyingi nyembamba na ngozi ya silikoni. Waya ya nyumbani ya milimita 1.5 za mraba inayowekwa kwenye taa, ingawa shaba yake inatosha na zaidi, ina moyo mmoja mgumu. Haikubali kona za giaboksi na itavunjika baada ya kukunjwa mara chache. Ngozi ya silikoni inastahimili joto la kulehemu, ilhali ya plastiki ya kawaida hurudi nyuma na kuacha shaba uchi.

Kabla ya kufungua giaboksi, achia kile kikamatio cha gia ili springi iliyobaki imekunjwa ilegee. Springi iliyokazwa inaweza kurusha vipande usoni, na nusu ya siku itaishia kutafuta kijipini chini ya kabati. Piga picha njia ya kila waya, kwa kuwa giaboksi la aina ya M4 lina mifereji yake na waya isiyokaa kwenye mfereji wake itabanwa ganda linapofungwa. Ganda ni la chuma, lakini si sehemu ya mzunguko wa umeme. Waya mmoja ukichubuka na kuligusa, bunduki huendelea kupiga kama kawaida. Siku waya wa pili utakapochubuka, hiyo ndiyo shoti. Kwa hiyo ganda likikataa kufunga, lisilazimishwe kwa skrubu.

Lehemu nzuri hutanguliwa na kupaka lehemu kila upande peke yake, waya kivyake na teminali kivyake, kisha vikutanishwe na kupashwa kwa muda mfupi. Kiungo kizuri hung'aa na kujipinda kuelekea kwenye waya. Kilichokaa kama tone la kijivu juu ya teminali hakijashika, na ndicho kitakachokuwa omu 0.1 ya kesho. Mpira wa kusinyaa kwa joto uvishwe kwenye waya kabla ya kulehemu, jambo ambalo kila fundi hulisahau angalau mara moja. Unapobadilisha plagi ya betri, kata waya mmoja, ulehemu na uufunike, ndipo ukate wa pili. Mkasi unaokata nyaya mbili za betri kwa pamoja unaziunganisha chanya na hasi kwa chuma chake.

Fyuzi nayo irudishwe, iwe ya ampea 20 au 25 kama iliyokuwepo, na ikae karibu na betri. Desturi ya kuziba nafasi ya fyuzi kwa karatasi ya pakiti ya sigara, ambayo ilitumika katika redio nyingi za zamani, haifai hapa. Betri ya lithiamu polima yenye uwezo wa ampea-saa 1.3 na alama ya 20C, yaani mara 20 ya uwezo huo, inaruhusiwa kutoa ampea 26 bila kukoma, na ikipigwa shoti itatoa nyingi zaidi ya hizo, kisha kuvimba na hata kuwaka moto. Betri hizo huchajiwa kwa chaja inayosawazisha seli zake, mtu akiwepo, na seli isishushwe chini ya volti 3. Iliyovimba haichajiwi tena hata kama bado inaonyesha volti zote.

Kuhusu kupanda kutoka volti 7.4 hadi 11.1, waya mpya si kibali. Mota itazunguka kwa kasi ya karibu mara moja na nusu, na pistoni ya kawaida inaweza isiwahi kurudi mbele kabla gia haijarudi kuishika. Meno yatagongana katikati ya safari na kunyolewa. Giaboksi lifanyiwe kazi kwanza, kisha betri ifuate.

Baada ya kufunga kila kitu, anza kwa pigo mojamoja bila magazini, sikiliza, kisha piga mfululizo mfupi na uguse plagi, fyuzi na kila kiungo ulicholehemu kwa kidole. Mota kupata joto baada ya mfululizo mrefu ni kawaida. Plagi kupata joto si kawaida, na ikipata, chukua tena multimita na uanzie hapo hapo kabla ya kununua kitu kingine chochote.